Hitilafu ya Baada ya Isha

Kompyuta ya Maalim ilikuwa nzima mchana na mgonjwa usiku. Hivyo ndivyo alivyonieleza mwanawe anayeishi Muscat, rafiki yangu wa tangu chuoni, nami nikayachukua kama maneno ya wateja wote wanaosema kifaa "kinategemea na siku." Asubuhi, alisema, watoto wanatazama katuni mpaka wanachoka na haina neno. Wakishasali Isha, wakakaa sebuleni na kufungua video za wajukuu wa Muscat, picha inaingia vibanzi vya kijani, inaganda, sauti inaendelea peke yake kidogo, halafu kioo kinakuwa cheusi na programu inajirudisha mwanzo.

Nilianza kuitibu nikiwa Kariakoo, kwa njia ya intaneti. Kisanduku chenyewe kinakaa kiganjani. Kina prosesa ya Intel Core i3 ya kizazi cha saba, mfumo wa Ubuntu, na programu ya Kodi, ile iliyoanzia kwenye mashine ya michezo ya Xbox na kuitwa XBMC mpaka 2014. Kimeunganishwa na televisheni ya 4K kwa waya wa HDMI, na kazi yake ni kuwa sinema ya nyumbani: harusi za miaka ya tisini zilizohamishwa kutoka kanda za VHS, filamu, mawaidha, na zaidi ya yote Idi na siku za kuzaliwa za Muscat, zilizopigwa kwa simu za kisasa na kutumwa nyumbani kwa Maalim, Wete, Pemba, zikiwa na ukubwa wake wote.

Harusi za VHS hazikuwahi kusumbua hata mara moja. Zilizokuwa zikikatika ni hizo za simu, na hapo fundi yeyote angeishika kodeki kwanza. Simu hizo hurekodi kwa HEVC, kiwango kilichopitishwa 2013, tena nyingine kwa rangi za biti 10. Chipu za Intel za kizazi cha sita zilikuwa zinaisimbua HEVC ya biti 8 tu. Ya biti 10 iliingia kikamilifu kwenye kizazi cha saba. Kwa hiyo swali la kwanza lilikuwa je, chipu hii inakijua inachopewa? Nikaandika amri ya vainfo, ikanitolea orodha ya vitu ambavyo chipu ya picha inaweza kuvisimbua, na HEVC ya biti 10 ilikuwamo. Inajua. Kisichojulikana kabisa hakiharibiki usiku tu, kinaharibika wakati wote.

Nikaenda kwenye draiva. Ubuntu ina draiva mbili za kuzungumza na chipu hizo, ya zamani inayoitwa i965 na mpya inayoitwa iHD. Nikaitoa moja nikaweka nyingine, bila kugusa kitu kingine chochote, kwa sababu ukibadilisha vitu vitatu kwa pamoja na mashine ikapona, hujui ni kipi kilichoiponya. Wakakaa jioni nzima bila tatizo, wakaniombea dua. Jioni iliyofuata vibanzi vikarudi. Nilipofungua kumbukumbu za mfumo nikayaona maneno ambayo fundi wa Linux huyajua hata akiwa usingizini, GPU HANG, yaani chipu ya picha imegoma na draiva imelazimika kuiwasha upya. Nikapitia na za siku za nyuma. Migomo yote ilikuwa imetokea baada ya saa mbili usiku.

Hapo ndipo nilipomwamini rafiki yangu. Akasema, "Basi nenda, bwana. Nauli na chakula juu yangu."

Ningeweza kuwaambia waipakie kwenye meli waniletee Dar. Mafundi wengi hufanya hivyo na siwalaumu, kwani benchi lina mwanga na vifaa vyote viko karibu. Ila kifaa kinachoharibika mahali fulani, saa fulani, ukikihamisha umekitenga na ushahidi wake. Nilikuwa na hakika kwamba kikifika Kariakoo kitacheza wiki nzima bila kukohoa, nami nitakirudisha na bili ya kazi ambayo sikuifanya. Halafu sikuwa nimewahi kufika Pemba. Unguja nilikuwa nimekwenda, kama wengi wetu wa Dar, kwa harusi na kwa matembezi. Ng'ambo ya Nungwi sikuwa naijua.

Boti ya asubuhi kutoka Dar mpaka Unguja si safari ya kusimulia. Unakaa kwenye kiti, unatazama filamu, unateremka Malindi. Masimulizi yanaanza na meli ya usiku ya kwenda Mkoani. Nilishinda Forodhani na bakuli la urojo nikisubiri, na jua lilipokuchwa nikarudi bandarini kukuta watu wameshatandika mikeka sitahani na kuweka mipaka ya mabegi. Kulikuwa na magodoro, masufuria mapya, pikipiki, maboksi ya juisi, na kuku waliokuwa na maoni yao juu ya kila kitu. Mimi nilikuwa na begi moja la nguo na jingine la kazi: bisibisi, mita ya umeme, hitipesti, brashi, na flashi mbili. Mama mmoja aliyekuwa amelaza mjukuu wake pembeni yangu aliona waya za mita zikichungulia akauliza kama mimi ni daktari. Nikamwambia mimi ni fundi wa kompyuta, nakwenda Wete. Akasema Wete nitakula halua, kisha akanipa upande wa mkeka wake, maana sikuwa na wangu.

Usiku wa manane meli ilipotoka kwenye kivuli cha Unguja ikaanza kupanda na kushuka. Waliokuwa wakizungumza wakanyamaza, na wengi wakaanza kusoma dua kwa sauti ya chini. Hakuna mtu wa visiwani anayepita mkondo wa Nungwi bila kuikumbuka Septemba 2011, MV Spice Islander ilipozama ikiwa njiani kwenda Pemba na kuchukua roho za mamia ya watu. Yule mama hakulitaja hilo. Aliamka tu, akamvuta mjukuu karibu, akatulia hivyo mpaka mawimbi yalipopungua. Mimi niliyekuwa nimejisifu kwamba sitatapika nilitapika, na baridi ya upepo wa bahari ikanikuta na shati la mikono mifupi.

Alfajiri tukawa Mkoani. Niliyezoea Unguja ya tambarare nilishangaa kuona nchi imesimama: vilima juu ya vilima, kijani mpaka ukingoni mwa maji, na mji umekaa kwenye mteremko. Nikapanda daladala la 603 mpaka Chake Chake, na hapo nikadaka jingine la Wete. Ulikuwa msimu wa karafuu. Kando ya barabara majamvi yalikuwa yametandikwa mfululizo, na juu yake karafuu za hatua mbalimbali, za jana bado kijani zenye wekundu, za siku kadhaa zimeshageuka kahawia. Dereva alikuwa akiyakwepa majamvi hayo kwa heshima ambayo hakuwapa waenda kwa miguu. Harufu inaingia dirishani na haitoki tena. Shati langu lilinukia karafuu mpaka niliporudi Dar na kulifua.

Maalim alinipokea barazani. Ni mzee wa makamo ya babu, mwalimu wa hesabu aliyestaafu, mrefu, mwenye kofia ya kiua na miwani iliyofungwa uzi.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, mwanangu. Bahari ilikuwaje?"

"Imenitambua mgeni."

Akacheka, akamwita mkewe. Kabla ya kompyuta kulikuwa na chai ya mdalasini, maandazi na samaki wa kukaanga, na hakuna aliyeniruhusu kufungua begi la kazi kabla sahani haijaisha. Wakati nakula, Maalim akanipa nadharia yake, nayo ilikuwa umeme.

Alikuwa na sababu. Mpaka 2010 Pemba ilitegemea majenereta ya dizeli ya Wesha, na watu wa umri wake wana kumbukumbu ndefu za taa kufifia na mafriji kuungua. Mwaka huo ndipo ulipoletwa umeme wa gridi kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga. Hata hivyo, alisema, jioni kila nyumba inawasha kila kitu, na nguvu inashuka. Nikatoa mita, tukapima mchana, tukapima tena baada ya Isha. Mchana volti 228, usiku 207. Ni kweli ilishuka, na Maalim akanitazama kama mwalimu aliyemkuta mwanafunzi hajafanya zoezi. Nikamwonyesha adapta ya kompyuta, maandishi madogo ya pembeni: volti 100 mpaka 240. Kwa adapta ya namna hiyo 207 ni raha tupu. Nikapima na upande wa pili, volti 19 zinazoingia kwenye kompyuta, wakati video ya 4K inacheza. Hazikutikisika. Maalim akaandika namba zote mbili kwenye daftari lake na akaifuta nadharia yake bila kuona haya. Natamani wateja wote wangekuwa walimu wa hesabu.

Asubuhi ya pili nikaketi na mashine. Kwenye flashi moja nilikuwa na video za majaribio zinazotumiwa na mafundi wa sinema za nyumbani duniani kote, vipande vya yavuyavu wakielea majini, vilivyotengenezwa kwa viwango tofauti vya uzito kuanzia megabiti 3 kwa sekunde mpaka 400. Faida yake ni kwamba maji yanatembea kila mahali kwenye picha, hivyo chipu haipati pa kupumzika. Nikaweka ya 4K, HEVC, biti 10, megabiti 120 kwa sekunde, ijirudie bila kukoma. Nikabonyeza herufi O kwenye kibodi, Kodi ikaandika juu ya picha kwamba inasimbua kwa chipu kupitia vaapi. Mjukuu wa Maalim, mtoto wa miaka sita hivi, akaja akakaa mbele ya kioo.

"Hao wanauma," akaniambia. "Ukiwagusa mkono unawaka."

Tulitazama yavuyavu mpaka adhuhuri. Hakuna kibanzi hata kimoja.

Hapa inafaa nieleze kwa nini vibanzi vinakuwa vya namna ile, maana ndivyo vilivyonipa njia. Video haihifadhiwi picha nzima kwa picha nzima. Inahifadhiwa picha moja kamili, halafu zinazofuata zinaeleza tu kilichobadilika: kipande hiki kimesogea kushoto, kile kimepungua mwanga, hapa pabaki kama palivyokuwa. Kusimbua ni kuchukua picha iliyotangulia na kuijenga inayofuata kutokana na maelezo hayo. Ni kama ukili wa mkeka. Ukikosea mstari mmoja, kosa linaendelea na kila mstari unaofuata mpaka ushone ukili mpya. Ndiyo maana kibanzi cha kijani kikitokea hakiondoki, kinatambaa na kukua, halafu kinatoweka ghafla picha kamili nyingine inapofika. Na pale namba zinapokuwa zimeharibika kiasi cha kutoleta maana kabisa, chipu inasubiri kitu ambacho hakitakuja. Inagoma.

Kwa hiyo kulikuwa na namba zilizoharibika. Faili zenyewe zilikuwa nzima, kwa sababu video iliyokatika usiku ilicheza vizuri asubuhi, mahali pale pale. Namba ziliharibika njiani, kati ya diski na kioo. Na njia hiyo, kwa chipu ya picha iliyo ndani ya prosesa, inapita sehemu moja ambayo watu husahau kuishuku. Chipu hizi hazina memori yake yenyewe. Zinaazima ramu ya kompyuta. Picha moja ya 4K ya biti 10 ikishasimbuliwa inachukua takriban megabaiti 25. Picha ya HD ya kawaida ya biti 8 inachukua kama 3. Simu ikiwa imerekodi fremu 60 kwa sekunde, basi gigabaiti moja na nusu inaandikwa kwenye ramu kila sekunde, kabla hujahesabu kusomwa kwa picha zilizotangulia na kupelekwa kwenye kioo. Harusi ya VHS haifanyi hata robo ya robo ya kazi hiyo. Familia ilikuwa imesema kweli kwamba video za Muscat ndizo zinazosumbua. Ila tofauti haikuwa kodeki peke yake, ilikuwa pia uzito.

Bado lakini, kwa nini usiku?

Jibu la hilo nililipata kwa kukaa kimya kwenye kochi na kutazama jinsi watu wanavyoishi. Isha ikaisha. Mama, mke wa Maalim, akaingia, akawasha king'amuzi kwa ajili ya taarifa ya habari ya saa mbili. Kisha akafunga milango ya vioo ya kabati la televisheni. Kabati lile ni la mninga, zuri, limechongwa, na kompyuta ilikuwa imekaa ndani yake juu ya king'amuzi. Mchana milango hubaki wazi kwa kuwa watoto huingiza na kutoa rimoti na kebo zao. Usiku hufungwa.

"Mama, samahani, kwa nini unafunga?"

"Mijusi, mwanangu. Inapenda joto la hizo mashine. Siku moja mmoja aliingia akakaangika humo ndani, tukanusa siku mbili."

Nikaandika amri ya sensors kila baada ya muda. Asubuhi, milango ikiwa wazi, prosesa ilikuwa nyuzi 54 wakati yavuyavu wanacheza. Sasa, milango imefungwa na king'amuzi kikipumua chini yake, ilipita 80 habari zikiwa bado hazijafika kwenye michezo. Tulipofungua Idi ya Muscat, haukupita muda kibanzi cha kwanza kikatokea kwenye kanzu ya mjukuu mkubwa, kikapanda mpaka usoni, sauti za takbira zikiendelea. Mama akapiga ulimi. Mimi nilifurahi, ingawa nilijitahidi nisionyeshe.

Fundi anayeishia hapo atasema joto, atasafisha feni, ataacha milango wazi na kudai chake. Sikutaka kusafisha kwanza. Vumbi nililiona, lilikuwa limejaa kwenye feni pamoja na manyoya ya paka, lakini nilitaka kosa liendelee kuwepo nikiwa bado nalihitaji. Nyuzi 80 na kitu si joto la kuua prosesa ya Intel. Hujipunguzia mwendo yenyewe inapokaribia 100, na hata hapo haitakiwi kukosea hesabu. Kuna kitu kilichokuwa kikishindwa kabla ya wakati wake. Kesho yake mchana kweupe nikafunga milango, nikawasha king'amuzi, nikawaweka yavuyavu kazini. Vibanzi vikaja saa nane mchana. Sasa hitilafu ilikuwa yangu. Naiita inakuja, naifukuza inaondoka. Kazi ya fundi ni nusu hapo.

Kwenye flashi ya pili nilikuwa na Memtest86+, programu ya bure inayojiwasha yenyewe bila Ubuntu na kuijaribu ramu kwa kuandika namba kila sehemu na kuzisoma tena. Milango ikiwa wazi ilipita bila kosa. Nikaifunga na kuiacha izunguke.

Jaribio hilo ni refu na halina cha kutazama, kwa hiyo Maalim akanichukua barazani na halua ya Wete kwenye kisahani, kahawa chungu kwenye vikombe visivyo na mikono. Halua ile sitaieleza. Aliyeila anajua, asiyeila namshauri asafiri. Akanisimulia alivyokuwa kijana anasoma Unguja, na mara ya kwanza kuona televisheni. Zanzibar ilianza kurusha televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati Bara tulisubiri mpaka 1994 ndipo tukapata kituo chetu cha kwanza. Nilikuwa naijua habari hiyo kama jambo la vitabuni. Maalim aliijua kama ukumbi uliojaa watu, waliochelewa wakitazama kupitia madirishani. Akaongeza, kwa utulivu wa mtu anayemchokoza mgeni wake kwa adabu, "Nyinyi watu wa Dar mlikuwa bado mnasikiliza redio."

Tuliporudi ndani kulikuwa na mistari myekundu kwenye kioo. Makosa yote yalikuwa yamejikusanya kwenye eneo moja la memori.

Ndani ya kisanduku kulikuwa na vipande viwili vya ramu ya DDR4, kila kimoja gigabaiti 4. Kimoja kilikuja na mashine. Cha pili, cha kampuni nyingine, kilikuwa kimeongezwa baadaye dukani kabla kompyuta haijasafirishwa. Nikajaribu kila kimoja peke yake, kwenye tundu lile lile, kabati likiwa limefungwa. Cha asili kikapita. Cha kuongezwa kikatoa mistari myekundu kila kilipopata moto. Nikaingia kwenye bayosi nikakipunguzia mwendo kutoka 2400 mpaka 2133, na makosa yakatoweka. Maana yake hakikuwa kimekufa. Kilikuwa kinaishi ukingoni, na joto la kabati ndilo lililokuwa likikisukuma. Katuni za mchana hazikukifikisha huko. Video za Muscat, usiku, juu ya king'amuzi, ndani ya mninga uliofungwa, zilikifikisha.

Ningeweza kukiacha kwenye 2133 na kuondoka. Sipendi kumwachia mtu mashine inayofanya kazi kwa huruma. Nikakitoa.

Sasa niseme neno kuhusu ushauri ambao Maalim alikuwa ameshapewa na vijana wawili watatu wa mjini, kwamba azime tu usimbuaji wa chipu na kuiachia prosesa ifanye kila kitu. Nilimwonyesha mbele ya macho yake. Prosesa hii ina kokwa mbili. Tulipozima, zote zikapanda mpaka asilimia mia, picha ya 4K ikawa inarukaruka, feni ikalia, na joto likazidi lile tulilokuwa tukilikimbia. Vibanzi vilipungua kweli, kwa sababu mashine ilikuwa inashindwa hata kufikia kasi ya kuharibu. Kwa video ndogo ushauri huo unafaa kama kipimo cha kujua tatizo liko upande gani. Kama tiba, ni sawa na kutokula ili usiumwe tumbo.

Kilichobaki kilikuwa kazi ya mikono. Nilisafisha feni, nikabadilisha hitipesti iliyokuwa imekauka na kuwa unga, nikaihamisha kompyuta kutoka juu ya king'amuzi na kuipa rafu yake. Fundi seremala wa jirani akatoboa matundu ya duara nyuma ya kabati, na Mama akakubali kwa sharti kwamba yazibwe kwa wavu wa mbu. Milango inafungwa kama zamani. Jioni hiyo, baada ya Isha, prosesa ilikaa kwenye nyuzi 61.

Nikiwa hapo nikarekebisha na jambo jingine ambalo hakuna aliyelilalamikia ila lilikuwa linaniudhi mimi. Filamu nyingi za sinema zina fremu 24 kwa sekunde, kwa usahihi 23.976, na televisheni ilikuwa imewekwa kwenye 60 daima. Ishirini na nne haiingii sitini sawasawa, kwa hiyo fremu moja inaonyeshwa mara tatu na inayofuata mara mbili, na kamera ikigeuka taratibu utaona picha inachechemea. Kodi ina mpangilio wa kuifanya televisheni ifuate kasi ya filamu. Nikauwasha. Maalim akatazama dakika chache akasema haoni tofauti. Mkewe akasema anaiona.

Ramu ya aina ile haikupatikana Wete wala Chake siku zile. Tuliagiza kipande kimoja cha gigabaiti 8 kutoka Unguja, kikaja na meli ya usiku kwa mkono wa jamaa, kikajaribiwa ndani ya kabati lililofungwa kabla sijakiamini. Watu wengine wataniuliza kwa nini kimoja na si viwili, maana viwili hufanya kazi sambamba. Kimoja cha DDR4 ya 2400 kinabeba takriban gigabaiti 19 kwa sekunde kwa hesabu za kitabuni. Idi ya Muscat haifiki hata nusu ya hapo, na kipande kimoja kikiharibika hakuna wa kusingiziwa.

Tangu hapo kumbukumbu za mfumo, ambazo bado nazifungua kutoka Kariakoo mara kwa mara, hazijaandika mgomo mwingine. Na kwa anayekwenda Pemba kwa mara ya kwanza msimu wa karafuu: kata tiketi ya meli ya usiku mapema, nenda na mkeka wako na sweta, na usile urojo mwingi kabla ya Nungwi.